Chupa saba za maji, kabeji nyekundu na Probox moja: wiki yangu kutoka Utawala mpaka Magadi

Jumatatu

Tulihamia huku Utawala, mtaa wa Nairobi, mwezi wa pili na tangu siku hio chai ya nyumba hii haijawai kuwa chai. Ukipika ya rangi inatoka nyeusi kama kahawa, ukipika ya maziwa inatoka rangi ya udongo, na mama watoto ashabadilisha majani mara tatu akidhani anauziwa feki dukani. Sufuria nazo zimekuwa nyeusi ndani ata ukisugua na waya. Alafu kuoga sasa, kwa shemeji yangu Mombasa sabuni inakataa kutoa povu, hapa povu linakataa kuisha, unajimwagia mtungi mzima na bado mwili unateleza kama samaki. Maji ya ploti yetu ni ya kisima kile kirefu cha kuchimbwa na mashine, watu wa mtaa wanayaita maji ya chumvi, ya kanjo, yale ya jiji, yakija ni siku moja kwa wiki usiku wa manane.

Mimi ni dereva wa Probox, nabeba watu na mizigo. Leo asubuhi jirani wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu aliyefundisha kemia sekondari mpaka akachoka, akaniita anataka gari wiki hii. Kesho kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, Jumamosi Magadi kule ziwani kumwona kakake. Tukavutana bei, mama huyo anajua kuvutana, mwisho akasema "mwanangu, punguza elfu moja nikueleze hiyo chai yako." Nikapunguza.

Akashuka jikoni kwake akarudi na nusu kabeji nyekundu, ile ya zambarau. Akaikatakata akaichemsha na maji ya betri, yale ya chupa ya gereji, ju hayana kitu ndani, akachuja akapata juisi ya zambarau. Akatoa glasi nne. Ya kwanza akaweka juisi na ndimu, ikageuka waridi kali. Ya pili akaweka kipande kidogo cha magadi yale ya kulainisha maharagwe, ikageuka kijani. Ya tatu maji ya kisima chetu kutoka kwa mfereji, ikaenda kwa bluu. Ya nne maji yaleyale ya kisima lakini yamechemshwa dakika kumi, na hapo ndio nilisogea karibu ju ilikuwa bluu inayokimbilia kijani. Maji ni yale yale! Kuchemsha tu kumeyafanya yawe kama yamewekwa magadi.

Venye alinieleza: maji yetu yamejaa bikaboneti. Ukiyapasha moto inaachilia kaboni dayoksaidi inapaa na mvuke, inayobaki ni kaboneti na hio ni alkali kali zaidi, alkali ni kinyume cha asidi kama ya ndimu. Majani ya chai yana rangi inayokolea kwenye maji ya aina hio, na alumini ya sufuria nayo inaliwa kidogo kidogo ndio inabaki nyeusi. Nikakumbuka mama watoto akipika nyanya nyingi sufuria inang'aa yenyewe. Ni asidi ya nyanya.

Nikakamua ndimu kwa kikombe cha chai nyeusi ya asubuhi. Ikabadilika mbele ya macho yangu, ikawa dhahabu.

Jumanne

Kikuyu. Tulitoka saa kumi na moja asubuhi kukwepa jam, tukapitia barabara ya kando ya mashariki, tukaingia Mombasa Road, tukashika ile ya kusini mpaka juu, na bado tulilala karibu na Lang'ata nusu saa, sijui kwa nini watu wa Nairobi wanaamka mapema hivi wote.

Ondiri ukiiona kwa mbali unadhani ni uwanja wa kulishia ng'ombe, nyasi tupu. Kumbe chini ni maji, nyasi zinaelea. Ukipiga mguu karibu na ukingo ardhi inatikisika kama godoro. Hapa ndio Mto Nairobi unaanzia, ule ule ukifika mjini unashika pua. Na chemchemi za huku Kikuyu ndizo zilikuwa zinanywesha Nairobi mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati mji ulikuwa reli na mabati. Jina lenyewe la mji ni la Kimaasai, enkare nairobi, maji baridi, na mwalimu akainama akatia mkono akasema bado ni baridi.

Tukajaza chupa. Juisi ya kabeji ikabaki zambarau, haikushtuka. Maji yana rangi kidogo ya majani yaliyooza lakini ndani hayana mambo.

Kilichonikaa kichwani ni udongo. Mwalimu alisimama kwa mtaro uliochimbwa karibu na barabara akaniambia niangalie. Nyekundu kabisa, mpaka chini. Akaniuliza nyumbani Utawala udongo ni rangi gani, nikasema mweusi, ule wa kushika gambuti mvua ikinyesha na kupasua kuta za watu. Akasema mama yao ni mmoja, mawe ya volkano. Huku juu mvua ni nyingi na kuna mteremko, maji yanapita yakienda, yanaosha sodiamu, kalsiamu na silika nyingi yanaondoka nazo, kinachobaki ni chuma na alumini, na chuma kikipata hewa kinakuwa nyekundu, kutu tu. Kule kwetu chini ni tambarare, maji yanasimama, kila kitu kilichoyeyushwa kinabaki hapo hapo na kutengeneza udongo mwingine mweusi unaofura ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Kwa hivyo fundi wetu akilia nyufa aanze kulilia maji yasiyotoka.

Nimeendesha gari kati ya hizo rangi mbili miaka kumi na sijawai kuuliza.

Jumatano

Mvua. Hatukuenda mahali. Nilitega beseni uwanjani, mbali na paa, nikapata chupa moja nzuri. Mwalimu akanichekesha nikisema hayo sasa ndio maji safi kabisa: mvua ikishuka inanyonya kaboni dayoksaidi ya hewani inakuwa soda hafifu sana, kitu kama pH 5.6 mahali hewa haijachafuka, maji matupu yangekuwa 7, chini ya hapo ni asidi, juu ni alkali. Hio asidi ni ndogo huwezi kuionja lakini haina haraka. Inaingia chini, inapata gesi zaidi kwenye udongo ju mizizi na vijidudu vinapumua, alafu inaanza kutafuna mawe. Mawe ya huku, ata haya ya kujengea ploti, yana madini ya feldispa yenye sodiamu na potasiamu. Asidi inang'oa sodiamu, jiwe linageuka udongo, na asidi yenyewe inaishia kuwa bikaboneti. Yani bikaboneti iliyoharibu chai yangu ilianza kama gesi ya hewani na pumzi ya mizizi.

Stima ikapotea saa mbili usiku. Nikalala.

Alhamisi

Kazi tu. Wateja wawili wa uwanja wa ndege, mmoja alitaka kulipa nusu. Nikapitia kwa dadangu Buruburu nikaomba chupa ya maji ya kanjo, akaniangalia kama nimepatwa.

Hayo yanatoka mbali, mengi ni ya bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika 1994, linabeba karibu mita za ujazo milioni 70 za maji ya msitu wa Aberdare. Yanakuja haraka juu ya ardhi, hayajakaa na mawe, ndio maana ni laini. Njiani wanayatia shabu, tope inashikana inazama, alafu klorini. Kabeji: zambarau, na baada ya kitambo rangi ikapauka, mwalimu akasema ni klorini inaila.

Ijumaa

Leo ilikuwa ya moto na sahani. Lita moja ya kila maji, chemsha kwa sufuria mpaka ibaki kidogo, mimina kwa sahani nyeupe, anika dirishani. Gesi ni yangu, mama watoto amehesabu.

Maji ya betri: sahani safi. Mvua: doa la vumbi. Kanjo: duara jembamba ambalo lazima uinamishe sahani uone. Ondiri: duara la kahawia. Kisima chetu: ukoko mweupe, unaukwangua na kucha. Nikaukamulia ndimu na ukachemka ssss, mtoto akaita wenzake wa ploti yote waje kuona, ndimu tatu zikaisha.

Hapo mama watoto akauliza swali la maana kuliko yangu yote. Je meno ya mtoto? Ju amesikia maji ya visima yanaharibu meno. Mwalimu hakumficha. Mawe haya ya volkano yana floraidi na visima vingi vya Nairobi na Bonde la Ufa vinayo nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ikizidi kwa muda mrefu meno ya watoto yanayokua yanapata madoa ya kahawia, ikizidi sana mpaka mifupa. Kabeji haiwezi kuiona, ulimi hauwezi, lazima maabara. Na kuchemsha hakutoi, kunazidisha ju maji yanapungua yenyewe inabaki.

Nikauliza mbona ikae kwa maji ya kisima na isikae kwa ya kanjo, si mawe ni yale yale ya volkano. Jibu lake nililipenda nikamwambia nitaliandika. Kalsiamu ndiye mwenye kuikamata floraidi, wakikutana wengi wanagandana wanakuwa jiwe wanatoka majini. Lakini maji yakipita kwa udongo huko chini miaka na miaka kuna matatu, gari la abiria, inaendelea: chembe za udongo zina viti, vimekaliwa na sodiamu, kalsiamu anaingia na yeye ana chaji mbili, anachukua viti viwili, sodiamu wawili wanashushwa wanaingia majini. Stage kwa stage, maji yanafika kwa kisima hayana kalsiamu karibu, yamejaa sodiamu. Ni laini, yanateleza, na floraidi imekosa wa kuikamata inazunguka tu. Maji ya kanjo hayajakaa chini kwa muda wa kuokota hivyo vitu.

Kule Nakuru wamekuwa wakichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ju mfupa una kalsiamu na fosfeti, floraidi inaingia inakaa kwa mfupa badala ya kwa jino. Mama watoto ameamua ya kunywa na ya kupikia mtoto tutanunua ya kanjo kwa mkokoteni mpaka kisima kipimwe. Keateka wa ploti nimemwambia. Ameitikia ile ya "sawa" ya keateka.

Jumamosi

Tulijaza tanki Rongai, chai Kiserian (chai nzuri, nilikunywa mbili kwa hasira). Ukipita Corner Baridi unaona dunia imeanguka. Unashuka na kushuka, masikio yanaziba, sweta inatoka, dirisha linafunguliwa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Magadi kama 600, yote kwa kilomita mia na kitu. Barabara inaenda kama ngazi ju Bonde la Ufa limepasuka kwa vipande.

Olorgesailie tukasimama. Watu huja kuona mashoka ya mawe ya watu wa kale, wale akina Louis na Mary Leakey walifukua miaka ya 1940, na ni mengi yametapakaa kama mtu aliyamwaga. Mwalimu alipita hapo kwa heshima alafu akaenda kuangalia ukuta mweupe wa mmomonyoko. Akabandua kipande, chepesi kama mandazi, ukikishika kinaacha unga kwa vidole. Hapa palikuwa ziwa. Silika iliyong'olewa kwa mawe ya volkano iliingia ziwani, vijimea vidogo vya majini vikaitumia kujijengea maganda, vikafa, vikazama, ziwa likakauka, na sasa ni kilima cheupe. Nilikuwa namfikiria sodiamu wiki nzima kumbe silika naye alikuwa na safari yake.

Magadi. Saa sita mchana, upepo kama wa tanuri. Kwa mbali unaona waridi na nyeupe, unadhani macho. Waridi ni vijidudu vinavyopenda chumvi. Ukikanyaga ukoko unalia kama biskuti. Huo ukoko ni trona, magadi yenyewe, sodiamu kaboneti na bikaboneti na maji zimegandana pamoja, mahali pengine umeshuka chini makumi ya mita. Kampuni ya kuchimba ilianza 1911 na magadi ya hapa huishia kwenye kutengeneza glasi, ukichanganya na mchanga unayeyuka kwa moto mdogo kuliko mchanga peke yake.

Kakake mwalimu alitupatia kijana wa huko wa kutuonyesha njia. Akaniambia nisiende upande ule, nikaenda, mguu ukatoboa ukoko ukaingia mpaka kifundoni. Kiatu cha ngozi. Maji ya chini mazito kama shira, na nikijaribu kujisafisha na mikono vidole vinateleza, ju alkali inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni, unajioga na wewe mwenyewe.

Kwa chemchemi za moto kabeji ilikuwa kijani papo hapo. Na kwa maji hayo, ya pH kama 10, kuna samaki! Tilapia wadogo wa Magadi, kama kidole. Samaki wengine wanatoa taka yao kama amonia kupitia mashavu lakini kwa maji ya hivi amonia haitaki kutoka, kwa hivyo hawa wanatoa urea, kama sisi. Nikawaangalia muda mrefu kuliko nilivyoangalia mashoka.

Swali langu lilikuwa hili: mbona hili ni ziwa la magadi na si la chumvi ya kupikia? Kule Gongoni Pwani wanakausha maji ya bahari wanapata chumvi ya kawaida, huku jua linakausha maji unapata hii. Mwalimu akakaa kwa jiwe chini ya mwavuli akachukua ndoo ya punje za mahindi na maharagwe (ya kakake, za kuku). Mahindi ni kalsiamu, maharagwe ni kaboneti. Maji yakianza kukauka wa kwanza kuondoka ni hawa wawili, wanashikana mmoja kwa mmoja wanazama kama chokaa. Akaanza kutoa pea, hindi na haragwe, hindi na haragwe. Mahindi yakaisha, maharagwe yakabaki kumi. "Sasa hawa kumi hawana mwenza. Watabaki na sodiamu mpaka mwisho. Hilo ndilo Magadi." Akarudisha, safari hii mahindi yakazidi kidogo tu. Maharagwe yakaisha, kaboneti kwisha, huwezi pata magadi tena ata ukakausha miaka. Hio ni bahari.

Yani njia panda iko mwanzo kabisa, wakati maji bado matamu na tofauti ni kidogo huwezi kuionja. Na nikakumbuka matatu ya Ijumaa. Kisima chetu kimeshashusha kalsiamu wote. Ukikianika Utawala miaka elfu bila mto wa kutoka, kinakuwa hii hapa mbele yangu. Ndio maana ule ukoko wa sahani ulichemka na ndimu! Hapa Magadi imezidi ju chini ya bonde kuna gesi ya kaboni inayopanda kwa nyufa, inaongeza maharagwe.

Kuna mjiolojia wa Marekani, Hans Eugster, mwaka 1967 alieleza madini mawili ya silika aliyoyapata hapa, moja likaitwa magadiiti na lingine kenyaiti. Sikujua nchi yetu ina jiwe. Silika yule yule wa Olorgesailie: kwa maji makali hivi anayeyuka kwa wingi, maji yakipoa ukali kidogo anaganda.

Kurudi ndio tuliona moto. Kile kipandio cha kuelekea Corner Baridi sindano ya joto ikapanda, nikaegesha, boneti juu, mvuke. Tukangoja karibu saa nzima ipoe ndio nikafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, rafiki yangu wa sahani, ju nimekuwa nikiongeza maji ya mfereji wa ploti tangu tuhamie. Maji ya kunywa yalikuwa yameisha. Nikanyakua chupa iliyokuwa karibu na mwalimu akanishika mkono kama ananinyang'anya sumu. Ilikuwa ya chemchemi ya Magadi. Rejeta ni ya alumini. "Umeona sufuria zako?"

Ikaenda ile chupa ya mvua ya Jumatano, na ya Ondiri juu yake. Tulifika Utawala saa nne usiku.

Jumapili

Kiatu kimeota. Nimekiacha kwa balconi usiku, asubuhi kina nywele nyeupe za fuwele kwenye mshono wote, na ngozi imekauka kama ubao. Mama mboga wa chini ameuliza kama nitamkwangulia kidogo za githeri, sijui kama anatania. Nimemwambia hapana, hio imepita kwa soksi.

Fundi amesafisha rejeta. Nimeweka kulanti kama mtu mwenye akili na nimenunua maji ya betri ya kuongezea.

Jioni mwalimu amenilipa zote kasoro ile elfu, alafu amesimama mlangoni akaniuliza: Ziwa Naivasha liko kwenye bonde lile lile, mawe yale yale, na halina mto wowote unaotoka. Mbona maji yake ni matamu? Akaenda zake.

Nimekaa nayo mpaka saa tano usiku. Nimemtumia meseji: linavuja chini kwa chini, na chumvi inatoka na maji. Amejibu ata kabla sijaweka simu chini, kwamba Jumamosi ijayo niwe tayari saa kumi na moja na ninunue kabeji. Mafuta nimemwambia ni yake.